Hamish na Seumas: jina moja, sura mbili

Aliyeuliza kama Hamish na Seumas ni majina tofauti: hapana, yote ni Yakobo. Kigaeli cha Uskoti hubadilisha jina unapomwita mtu. Seumas akiitwa huwa “a Sheumais”. Hiyo “sh” hutamkwa h, na mwisho unakuwa laini, kwa hiyo unasikia “a Heimish”. Wasemaji wa Kiingereza walisikia mtu akiitwa, wakadhani ndilo jina lenyewe. Mhairi ana asili hiyohiyo: Màiri (Mariamu) akiitwa, m inageuka mh, inayosikika v. Kwa hiyo ni Vari. Ukimwita Mhairi kwa m, umekosea.

Ukimtafutia binti jina la Kigaeli, Eilidh ni zuri, ila jiandae kusahihisha watu kila siku: dh haisikiki, ni Eili tu. Isla nalo hutamkwa Aila, s imelala. Linahusishwa na kisiwa cha Islay.

Kwa mvulana, Calum ni njiwa, kutokana na Columba, mtawa wa Ireland aliyefika Iona, kisiwa cha Uskoti, mwaka 563. Ruairidh ni mfalme mwekundu, mwekundu wa nywele pengine.

Halafu kuna wanaompa msichana jina la Mackenzie: “Mac” ni mwana wa kiume, yaani mwana wa Coinneach, jina la mwanamume. Kwenye Kigaeli binti hutumia “Nic”, kama NicDhòmhnaill badala ya MacDhòmhnaill. Hakuna sheria inayokuzuia, lakini Mgaeli atatabasamu.