Uliza Fundi: Giaboksi ya gia sita ndani ya Impreza ya 1998

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, bodi ile ya GC8, aliyoniachia marehemu baba. Injini imechoka, inakula oili na ina moshi asubuhi. Nairobi nimempata muuzaji wa vipuri mwenye STI ya 2003, Impreza ile yenye nguvu zaidi, iliyogongwa ubavuni. Yuko tayari kuniuzia injini peke yake, au injini pamoja na giaboksi yake ya gia sita. Fundi wangu anasema nichukue injini tu, aifunge kwenye giaboksi yangu ya gia tano, na kwa siku tatu gari litakuwa barabarani. Nimsikilize?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba hukufikiria kuliuza. Bodi hiyo ilitengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000, na kwetu Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, zilizobaki ndizo hizi hizi tulizo nazo. Ndiyo gari ambalo Patrick Njiru alimaliza nalo wa nne katika Safari Rally ya 1994, na jamii yake ikashinda Safari mwaka 1997 na Colin McRae. Nilikuwa kijana wa kushika spana wakati huo, na hadi leo nikisikia mlio wake nageuza shingo.

Sasa swali lako. Fundi wako hakosei kusema injini itaingia. Itaingia. Ni EJ20 kwa EJ20, yaani injini ya Subaru ya lita mbili kwa nyingine, maunti zinakubaliana na giaboksi inapokea. Lakini injini ya STI ya mwaka huo ilitangazwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 280, na giaboksi ya gia tano ya zamani inajulikana kwa ugonjwa mmoja: meno ya gia ya tatu hukatika. Utakanyaga mafuta ukipanda mlima siku moja na utasikia kishindo chini ya miguu yako. Hapo utanunua giaboksi ambayo ungeinunua leo, na utalipa ufundi mara mbili.

Ushauri wangu ni tofauti na wa fundi wako. Usinunue injini, wala usinunue injini na giaboksi. Nunua gari zima lililogongwa. Mwambie muuzaji alivute kama lilivyo hadi kwa fundi wako, mkate wenyewe mnachotaka, na mabaki umrudishie au uyauze chuma chakavu.

Nitakueleza kwa nini, na jambo hili ningependa ulisome mara mbili. Kwenye Subaru, difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, imo ndani ya giaboksi. Difu ya nyuma iko chini ya buti, na propela ndiyo inayoziunganisha. Lazima ziwe na uwiano mmoja. Giaboksi ya gia sita ya STI inataka difu ya nyuma ya 3.9, yaani propela izunguke mara 3.9 kwa gurudumu kuzunguka mara moja. Magari ya zamani yalitoka na 4.111, mengine 4.444. Ukichanganya, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine, na anayeumia ni difu ya kati, iliyo ndani ya giaboksi kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Hili nalijua kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga giaboksi ya gia sita kwenye GC8 ya kijana mmoja wa Likoni, Mombasa. Difu ya nyuma tuliinunua kando, na muuzaji alikuwa ameiandika 3.9 kwa chaki. Niliamini chaki. Tukatoka Changamwe kulijaribu gari, na kabla ya kufika Mazeras nikanusa harufu ya oili inayoungua. Nilipolala chini ya gari, giaboksi haikushikika kwa joto. Ile difu ilikuwa 4.444. Yule kijana alikuwa ameweka akiba mwaka mzima, na mimi nilipaswa kuhesabu kabla ya kufunga.

Kuhesabu ni kazi ya dakika tano. Weka difu juu ya meza, tia alama ya rangi kwenye flenji ya propela na kwenye shafti za pembeni. Zungusha flenji mara 39. Shafti zote mbili zikizunguka pamoja mara 10 kamili, hiyo ni 3.9. Zikiishia kabla ya kutimiza mara 10, rudisha kwa mwenyewe.

Ukiwa na gari zima, hesabu hii unaifanya kwa kujiridhisha tu. Giaboksi, propela, difu kubwa ya nyuma aina ya R180, shafti za magurudumu na habu zote zimeishi pamoja tangu kiwandani. Usiache habu. Muuzaji akikuletea habu za gari jingine, angalia mwaka: hadi 2004 STI ilitumia nati tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia 2005 ikawa milimita 114.3. Rimu za huku hazikai kule. Propela nayo ipime kwanza ikiwa ndani ya gari lako. Ikihitaji kukatwa au kurefushwa, ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha, maana inayotikisika huua beringi. Kishikizo cha nyuma cha giaboksi kitahitaji kutengenezwa, hilo ni jambo la asubuhi moja.

Waya ndizo zitakazokula siku zako. Chukua waya zote za injini, kompyuta yake, pedali ya mafuta, saa za dashibodi, na ufunguo wa gari hilo. Mtu asikate waya hata mmoja kwa koleo. Zichomolewe kwenye soketi na kila soketi ibandikwe karatasi. Giaboksi hiyo ikiwa na difu ya kati inayoendeshwa kwa umeme, itataka kidhibiti chake pia. Bila umeme inabaki wazi, na kwenye tope nguvu hukimbilia upande unaoteleza, mahali ambapo ulitaka ikusaidie.

Kabla hujaishusha injini ndani, ifungue sampu. Bomba la kunyonyea oili kwenye injini hizi lina tabia ya kupasuka penye maungio, na likipasuka injini inanyonya hewa badala ya oili. Weka jipya. Badilisha mkanda wa taimingi, rola zake na pampu ya maji wakati unaifikia kwa urahisi, kwa sababu mkanda ukikatika vali zinagonga pistoni. Tafuta bolti yenye tundu kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini: mna kichujio kidogo ndani yake, na kikiziba tabo hukauka.

Halafu kuna mafuta. Injini hiyo ilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani yenye okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) karibu 100, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukiiendesha kwa mpangilio wa kule, italia kama mtu anayegonga bati, na pistoni zitavunjika penye ringi. Mtafute mtu anayejua kupanga kompyuta kwa mafuta ya hapa, na hadi amalize, usilikanyage. Nakuomba hivyo kwa dhati.

Breki sitaki tujadiliane. GC8 yako ina uzito wa karibu kilo 1,250, na STI ya 2003 inazidi kilo 1,400. Nguvu zile zile kwenye gari jepesi zaidi maana yake utafika mwisho wa barabara mapema kuliko ulivyozoea. Chukua kalipa na diski za gari hilo, mbele na nyuma. Rimu za inchi 15 au 16 hazitazipita, tafuta za 17. Pesa zikitosha injini na zisitoshe breki, subiri.

Na kabla ya yote haya, hata kabla ya kumpigia muuzaji simu, toa mazulia na plastiki za buti. Gonga kwa bisibisi pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na chini ya milango. GC8 huoza hapo. Kutu ikiwa imeingia kwenye kikombe cha shokapu, pesa za kwanza ni za mchomeleaji.

Mwisho wake, namba ya injini itakuwa tofauti na ile ya kwenye kitabu cha gari. Wajulishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likaguliwe, na kampuni ya bima iandikiwe barua. Weka risiti ya gari ulilonunua. Siku tatu alizokuambia fundi wako? Mimi ningekuomba wiki sita.

SWALI: Shikamoo Fundi. Je, kazi kama hiyo inawezekana kwenye Forester ya 1999? Yangu ni ya tabo, niko Tanga.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Inawezekana, kwa sababu Forester ile ya kwanza ilijengwa juu ya Impreza hiyo hiyo, na mengi niliyomwambia mwenzako yanakufaa wewe pia. Lakini yako imesimama juu zaidi, basi usiifunge breki na nguvu za STI huku ukiacha shokapu za zamani. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko yapeleke TRA, mamlaka ya mapato. Na kwa sababu unaishi karibu na bahari kama mimi, gonga bodi kwa bisibisi mara mbili zaidi ya mtu wa Nakuru, hasa chini ya zulia la abiria wa mbele, ambako maji ya chumvi hukaa bila mtu kuyaona.