Mikanda ya afisa wa manowari katika kasha la babu

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Marehemu babu yangu alimtumikia afisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza pale Kilindini, Mombasa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Afisa huyo alipoondoka alimwachia mikebe mitatu ya filamu, nayo ilikaa ndani ya kasha hadi mwezi uliopita tulipolifungua. Niliuinua mkanda mmoja kwenye mwanga wa dirisha nikaona jahazi, minazi na watu waliosimama ufuoni. Mkebe mmoja unanuka siki. Jirani yetu ana projekta ya zamani, na jamaa wanataka tuzitazame filamu hizo watakapokusanyika kwa Maulidi. Je, kuna ubaya? Na je, filamu hizi ni mali yetu?
Dada msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Nakuomba usizipitishe filamu hizo kwenye projekta, hata mara moja. Filamu ya miaka zaidi ya 80 hunywea na kukakamaa, hata matundu ya ukingoni yasilingane tena na meno ya mashine, na meno hayo huichana. Ikikwama mbele ya taa, huungua palepale. Harufu ya siki, nayo, haikutoka kwenye kasha. Filamu za nyumbani za wakati ule zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, ambayo ikikaa katika joto na unyevu kama huu wetu wa pwani huoza na kutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki, na asidi hiyo huzidi kuuharakisha uozo. Basi utenge mkebe huo na wenzake leo hii, usiufunge kabisa, na yote mitatu uiweke katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, mbali na joto la paa.

Masimulizi ya babu yako yanaafikiana na historia. Tarehe 5 na 9 Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), na katika siku hizo Waingereza walizamishiwa Hermes, manowari ya kubebea ndege, pamoja na manowari nyingine mbili, Dorsetshire na Cornwall. Baada ya hapo Admirali James Somerville, mkuu wa manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi, alihamishia Kilindini kituo kikuu cha manowari zake, na maofisa wengi wakaingia pwani yetu, baadhi yao wakiwa na kamera zao wenyewe. Kwa kuwa bandari na manowari hazikuwa vitu vya kupigwa picha ovyo wakati wa vita, filamu za namna hii mara nyingi huonyesha likizo kuliko mapigano: ufuo, soko, vyombo vya baharini, watoto wanaoikimbilia kamera.

Pima upana wa mkanda. Ukiwa wa milimita 8, yaelekea ulipigwa kwa namna ambayo mimi huipenda sana: mkanda wa milimita 16 uliingizwa katika kamera, ukapigwa nusu moja ya upana wake, kisha mpigaji akaifungua kamera, akaugeuza na kuipiga nusu ya pili, kiwandani ukapasuliwa katikati na vipande vikaungwa. Kwa hiyo weupe mkali utakaouona katikati ya mkanda ni jua la siku ile, lililoingia afisa alipokuwa akiugeuza. Mkanda mzima hauchukui zaidi ya dakika 4 hivi. Ikiwa picha ni za rangi, huenda ni Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ambayo rangi zake hudumu vizuri gizani.

Mpelekeeni mtaalamu filamu hizo aziskani picha moja moja kwa mashine isiyotumia meno, kisha mfanye kazi ambayo hakuna mtaalamu wa kuwafanyia. Filamu hizi hazina sauti. Afisa aliona mandhari ya ugenini. Wazee wenu wataona watu wenye majina. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1943 sasa amepita 90, kwa hiyo msingoje Maulidi. Keti na wazee, simamisha picha, wape muda. Nahodha mkongwe akitazama omo, tezi na tanga anaweza kukwambia jahazi lile lilitoka wapi, na bibi anaweza kumtambua mtu kwa mwendo wake kabla ya uso kuonekana. Andika dakika, sekunde, lililosemwa na aliyelisema. Wakibishana, andika kauli zote mbili.

Kuna jambo moja ninalolisisitiza kwa moyo wote. Kama wamo wanawake waliopigwa picha uani au bila buibui, pengine bila kuombwa ruhusa, familia zao ziulizwe kabla ya picha hizo kutoka nje ya nyumba yenu, sembuse kuwekwa kwenye intaneti.

Kuhusu umiliki, mikebe ni yenu kwa kuwa babu yenu alipewa, lakini haki ya mtunzi ni jambo jingine, nayo yaweza kuwa mikononi mwa warithi wa afisa. Likiwapo jina lake juu ya mkebe, linakilini kama lilivyoandikwa. Makumbusho ya Lamu yaombeni ushauri kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mikanda yenyewe. Imperial War Museums ya London nayo huhifadhi filamu zilizopigwa na wanajeshi kwa kamera zao binafsi. Atakayeomba, apewe nakala pamoja na majina mliyoyaandika, na kila mkanda urudishwe ndani ya mkebe wake uleule.