Fundi Anajibu: Mbao, perspeksi na ndala kwenye kofia ya taa

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Bagamoyo, nina mashine ndogo ya kukereza. Natengeneza kofia za taa za kuning'iniza: napanga pete za mninga, katikati naweka pete za perspeksi nyeupe, ile plastiki ngumu ninayopata kwa waandika mabango, halafu nazikereza zote pamoja. Zinatoka nzuri. Lakini mteja amenirudishia moja imeachia kati ya mbao na perspeksi, na nyingine iliyoko dukani imekuwa yai, si duara tena. Natumia gundi nyeupe ya mbao. Nibadilishe gundi tu, au kuna jingine?*

Marahaba, mwanangu. Gundi utabadilisha, lakini ukiishia hapo utarudishiwa tena. Hilo la yai ndilo lenye mzizi, tuanze nalo.

Bila shaka ulichukua ubao, ukachora duara kwa bikari, ukaitoa pete nzima nzima. Mbao ikikauka hupungua upana. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu haiendi popote. Kwa hiyo pete ya namna hiyo inasinyaa upande mmoja na mwingine unabaki ulivyo. Perspeksi iliyobanwa katikati haijali ukavu, yenyewe hupanuka kwa joto la taa. Mmoja anavuta, mwingine anagoma, na gundi iko katikati yao. Kitu kingine: mninga ni mti mtulivu, ni katika mbao zinazopungua kidogo sana, ndiyo maana waliotutangulia waliupenda kwa milango na vitanda. Mninga ukiwa yai, basi uliuziwa mbao mbichi. Wauzaji wengi watakuapia kwamba imekauka. Wewe kata kipande, kipime kwenye mzani wa duka, andika uzito juu yake kwa penseli, kipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Pete usikate nzima. Ziunge kwa vipande 12, kila ncha ya kipande ikatwe kwa pembe ya nyuzi 15. Kwa kofia ya kipenyo cha sentimita 24, ubavu wa nje wa kila kipande uwe sentimita 6.5 na upana sentimita 3 hivi, usizidishe. Hapo nyuzi za mbao zote zinazunguka na duara, na pete haina upande wa kusinyaa peke yake. Zikusanye kavu kwanza, uzibane kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Utaona kiungo cha mwisho kinapwaya. Kwa karibu kila fundi kinapwaya, kwa sababu kosa dogo la pembe linajirudia mara 24. Usijaze gundi kwenye mwanya huo. Gundisha nusu mbili za pete mbali mbali, zikikauka uzisugue nyuso zao juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo mpaka zinyooke, kisha uziunganishe. Hapo gundi yako nyeupe inatosha, mbao kwa mbao. Unapopandanisha pete juu ya pete, viungo vipishane kama matofali ukutani.

Sasa perspeksi. Gundi nyeupe hushika kwa kuingia ndani ya nyuzi, na perspeksi haina pa kuingia, ni sawa na kubandika stempu kavu. Tumia ile ya mirija miwili inayochanganywa (epoksi), inayokauka taratibu. Ya dakika 5 itakukaukia mkononi kabla hujapanga pete ya tatu. Parua nyuso zote mbili kwa msasa namba 120, perspeksi uioshe kwa maji na sabuni, uiache ikauke. Usiifute kwa spiriti wala thina, inaweza kukufanyia vinyufa vidogo vidogo ambavyo utaviona siku taa inawashwa mbele ya mteja. Na usikaze klempu kwa nguvu zote. Gundi hii inataka kubaki kama ngozi nyembamba katikati, ukiikamua yote umebaki huna kitu.

Kwenye mashine, mpangilio wote ukae juu ya kitako cha mbao ya bure kilichofungwa kwenye sahani ya chuma. Kati ya kitako na pete ya kwanza weka karatasi ya gazeti pamoja na gundi. Kazi ikiisha, unaingiza patasi nyembamba kwenye gazeti, unagonga mara moja, inaachia. Kwa kipenyo hicho anza na mizunguko 500 kwa dakika, na usipite 900 hata ukiona imetulia. Ngao ya uso ni lazima, na wakati wa kuwasha simama pembeni, usikae kwenye mstari wa pete. Patasi iwe imenolewa hasa. Butu ikikutana na perspeksi huiyeyusha, na plastiki iliyoyeyuka inaganda juu ya mninga wako kama ute. Unapopiga msasa, gusa na kuachia, gusa na kuachia.

Unene utaujua kwa kusimamisha mashine, kuzima taa za karakana na kuweka tochi ndani. Mwanga utatoka kwenye perspeksi, na mninga utabaki mweusi hata ukiupunguza mpaka milimita 3. Ukitaka mbao yenyewe iwake, chukua mpaini, uufikishe milimita 2 au pungufu. Huwaka rangi ya machungwa iliyoiva, na binafsi naona unaipita perspeksi kwa mbali.

Balbu iwe ya LED, wati 7 zinatosha. Ile ya zamani ya wati 60 italainisha gundi na perspeksi yako. Juu pia uache wazi, joto lipate pa kutokea.

*Fundi, salamu kutoka Mombasa. Mwanangu anakereza, na mimi naokota ndala zilizotupwa na bahari. Zinaweza kuingia kwenye tabaka za kofia ya taa?*

Zinaweza, dada yangu. Lamu walijenga jahazi zima la plastiki iliyotumika, wakalivalisha ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, likasafiri hadi Zanzibar. Kofia ya taa ni kazi ndogo. Ila mwambie mwanao asiziguse kwa patasi: ndala ni sponji, inabonyea, halafu inainuka ghafla na kuumeza mdomo wa patasi. Azioshe chumvi na mchanga, azisugue ziwe bapa, azigundishe kati ya pete za mbao kwa gundi ya mafundi viatu. Apake pande zote mbili, asubiri mpaka kidole hakinati, ndipo abandike. Mbao akereze kwa patasi, na akifika kwenye ndala amalizie kwa msasa namba 80 uliobandikwa kwenye ubao. Mwanga haupiti humo, kwa hiyo zitumike kama mistari ya rangi, mbali na balbu. Bluu na ile nyekundu iliyopauka kwa jua zinapendeza sana karibu na mwembe.

*Nina vipande vya ng'amba vya marehemu bibi yangu, Pemba. Nasikia vinapitisha mwanga vizuri. Nimpe fundi avitie kwenye taa ya kuuza?*

Usimpe, na usiuze. Kasa ng'amba yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya gamba lake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku, na mtalii atakayenunua taa hiyo atanyang'anywa uwanja wa ndege. Vya bibi vibaki kuwa ukumbusho ndani ya nyumba.

Mtazamaji hatatofautisha kirahisi ukimtafutia fundi pembe ya ng'ombe yenye rangi ya asali. Huko Ulaya, kabla kioo hakijawa rahisi, fanusi zilizibwa kwa vipande vyembamba vya pembe. Kata ncha ngumu uitupe, pasua sehemu yenye uwazi kwa urefu, chemsha mpaka ilainike, kisha ibane kati ya vyuma viwili vyenye moto mpaka ipoe ikiwa bapa. Ikwangue iwe nyembamba ndipo ikatwe vipande vya pete. Avae barakoa anapoisugua, na majirani waambiwe mapema, maana inanuka nywele zinazoungua.