Paa Zima au Paa kwa Jumla: Namna ya Kutaja Ukamilifu kwa Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikiwaandikia watu barua na hesabu kwa Kiingereza hapa Lamu, alinijia fundi mmoja wa kuezeka aliyekuwa amemaliza paa la makuti la nyumba iliyoko Shela. Aliniomba nimwarifu mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi Ulaya, kwamba kazi imekwisha na kwamba amebakiwa na fungu la mwisho la ujira wake. Niliandika kwa uangalifu mkubwa, na katika sentensi ya pili nikaweka maneno haya: “On the whole, the roof has been replaced.” Moyoni nilikuwa nimesema kwamba paa, kwa ujumla wake, limebadilishwa, wala hapana kuti la zamani lililosalia. Baada ya siku chache jibu lilirudi likiwa na swali la upole: ni upande gani ambao haujakamilika, na utakamilika lini? Fedha zikazuiliwa mpaka picha zilipopigwa na barua ya pili ikaandikwa, na fundi yule, ambaye hakuacha hata shubiri moja ya paa bila kuezeka, akasubiri majuma matatu kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kosa lilikuwa katika kihusishi, lile neno dogo “on” ambalo nililiandika bila kulifikiria. Kiingereza kina “on the whole”, kina “as a whole”, na kina “in whole”. Neno “whole” ni lile lile mara zote tatu, lakini kile kinachotangulia ndicho kinachoamua kama ukamilifu upo au haupo. Anayesema “on the whole” anatoa maoni ya jumla huku akiacha nafasi ya kasoro: mambo ni mema, ila yako machache yasiyo mema. Anayesema “the town as a whole” anautazama mji kama kitu kimoja, bila kuutenga katika mitaa yake, Mkomani na Langoni. Ama “in whole” ni maneno ya mikataba, na mara nyingi utayakuta yamekaa ubavuni mwa “in part”, kwamba jambo litafanywa lote au nusunusu. Nilichopaswa kuandika siku ile ni “in its entirety”, au, kwa lugha nyepesi ambayo sasa ndiyo naipendelea, “the whole roof”, bila kihusishi chochote.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaanguka hapa kwa sababu inayoeleweka. Ukamilifu wetu hufuata nomino na kukubaliana nayo: paa lote, nyumba yote, mji mzima. Hatuhitaji kihusishi ili kusema kwamba hakuna kilichobaki. Kisha tunayo “kwa jumla”, ambayo imebeba mizigo mingi kwa wakati mmoja. Tukihesabu wageni tunasema kwa jumla ni kumi na wawili, na Mwingereza hapo husema “twelve in all”. Tukitoa maoni tunasema kwa jumla safari ilikuwa njema, naye husema “on the whole”. Tukiwazungumzia watu wote wa kisiwa kwa pamoja twaweza pia kusema wakazi kwa jumla, naye husema “as a whole”. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “kwa jumla” ni “on the whole”, kama nilivyokariri mimi, atakuwa sahihi mara moja na kupotea mara mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kipimo ambacho nimekitumia tangu barua ile. Ukishaandika sentensi yako, iongezee mwishoni maneno ya kutoa, “except the kitchen” au mfano wake. Sentensi ikiyapokea bila taabu, jua kwamba hukusema ukamilifu. “On the whole the roof is finished, except the kitchen” ni Kiingereza safi kabisa. “The roof is finished in its entirety, except the kitchen” inajipinga yenyewe, na msomaji ataona mara moja kwamba kuna jambo halikai sawa.

Msemo wa “by and large” unastahili kutajwa hapa, hasa kwa watu wa mashua kama sisi. Ulitoka kwa mabaharia wa Uingereza wa karne ya 17: chombo kilichokwenda vizuri “by” kilikwenda joshi, yaani kuelekea karibu na kule utokako upepo, na kilichokwenda vizuri “large” kilikwenda upepo ukitoka nyuma. Chombo chema “by and large” kilikuwa chema kwa kila upepo. Hata hivyo maneno hayo yamelegea kwa wakati, na leo maana yake ni sawa na “on the whole”, yaani mara nyingi, si daima. Usiyatumie kumwambia mtu kwamba kazi imekwisha.

Ukitaka ukamilifu ambao haujalegea, shika njia ya kutaja ncha mbili. Hiyo tunaijua vyema, kwa kuwa tuliokwenda chuoni kusoma Kurani tulisema toka alifu hadi ye, na mafundi wa Matondoni hukagua mashua toka omo hadi tezi, yaani toka mbele hadi nyuma. Kiingereza kina “from A to Z”, na kwa chombo kina “from stem to stern”, ambao ni huo huo omo na tezi. Nilipokutana nao mara ya kwanza nilifurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini. Lakini kila msemo una kitu chake: nyumba husafishwa “from top to bottom”, mtu hulowa “from head to toe”, kitabu husomwa “from cover to cover”, na kazi husimamiwa “from start to finish”. Wamarekani wanao hata “from soup to nuts”, uliotokana na karamu iliyoanza kwa supu na kumalizikia kwa karanga na jamii zake. Angalia pia kwamba ncha hizo hazina “the”. Ukiandika “from the top to the bottom” umeanza kueleza umbali au mwendo wa kitu, kama maji yatiririkayo ukutani, na ule ukamilifu unapungua. Kiswahili hakina neno kama hilo, kwa hiyo sikio letu halitushtui. Lazima tujizoeze kwa makusudi.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinatusaidia, na nasikitika kwamba waalimu wengi hawapataji. Sisi hutofautisha mote na kote. Tukisema harufu ya udi imeenea nyumbani mote, tumo ndani, na “throughout the house” inafaa sana. Tukisema habari imeenea mjini kote, tunafikiria kutapakaa huku na huku, na “all over town” inakaa vizuri zaidi. Si kanuni isiyovunjika, lakini aanzaye kwa kujiuliza kama angesema mote au kote hatapotea mbali.

Wakati nao una mtego wake. Mlinzi mmoja niliyemfundisha aliandika katika daftari la zamu “I was awake in the night”, akikusudia kwamba alikesha usiku kucha. Msimamizi wake alisoma kwamba aliamka wakati fulani usiku, na akamuuliza saa nyingine alikuwa wapi. Kucha kwetu ni kufika alfajiri, na kutwa ni kufika machweo. Ukamilifu umo ndani ya vitenzi hivyo vyenyewe. “In the night” haina mwisho huo. Andika “through the night” au “all night long”.

Kwa fedha, andika “in full”, na usiibadilishe: “paid in full”, “received in full”. Jina pia huandikwa “in full”. Paa haliezekwi “in full”, na maneno hayo yakiwekwa hapo yatamkwaza msomaji.

Liko la mwisho, nalo ni zito kuliko yote niliyotaja, kwa sababu linahusu ukamilifu wa kukanusha. Wageni wote hawakuja: kwetu hiyo husikika kwamba hakuja hata mmoja. Ikigeuzwa neno kwa neno kuwa “All the guests did not come”, Mwingereza hajui kama wamekuja wachache au hakuna aliyekuja. Nahodha kijana alituma ujumbe wa namna hiyo kutoka gati la Mokowe, na mpishi wa nyumba aliyotumwa kuwachukulia wageni akaandaa chakula cha nusu ya watu, akidhani wengine wako njiani. Wanaojifunza kwangu sasa huandika “None of the guests came”, au “The guests did not come at all”, na hapo “at all” inafanya kazi ya hata kidogo yetu. Wakitaka kusema kwamba baadhi wamekuja, huandika “Not all the guests came”, huku wakiitanguliza “not” mbele ya “all”, kama sisi tunavyotanguliza “si” tukisema si wageni wote waliokuja.