Mota, springi na hisa za vipuri vya diski kuu za kompyuta (hard disk)

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta, Ngamiani, Tanga, na nina akiba nataka kuwekeza. Diski kubwa zinatafutwa sana kwa ajili ya vituo vya data. Kampuni za Japani hutengeneza vipuri vyake: Nidec mota, TDK na NHK Spring springi za kubebea vichwa vya kusomea na kuandika data. Niwalinganisheje?

JIBU: Fundi, chukua diski iliyokufa ya kompyuta ya mezani. Fungua skrubu za nyota, nyingi ni saizi ya T8, na moja hufichwa chini ya lebo. Katikati mota ni moja tu, hata sahani, yaani zile duara zinazohifadhi data, ziwe ngapi. Lakini kila sahani ina nyuso mbili, kwa kawaida kila uso na kichwa chake, na kila kichwa kinaning'inia kwenye springi yake, kile kiulimi chembamba cha chuma cha pua. Diski ya sahani 1 kwa kawaida ina springi 2. Ya seva yenye sahani 10 inazo 20, na mota ni ile ile 1.

Kwa hiyo usihesabu diski peke yake. Mwaka 2010 ziliuzwa zaidi ya milioni 600 duniani. Leo hazifiki milioni 200, maana SSD, hifadhi isiyo na sahani wala mota, imeziondoa kwenye laptop. Muuza mota amepoteza oda kwa kila diski iliyopungua, ilhali muuza springi anafidiwa na sahani zinazoongezeka. Zidisha idadi ya diski kwa wastani wa vichwa, halafu kwa bei.

Kwenye bei, angalia sana. Mwaka 2019 NHK Spring ilikiri Marekani kosa la kupanga bei za springi hizi na wenzake, kuanzia 2008 hadi 2016, ikatozwa faini ya dola milioni 28.5. Faida ya miaka hiyo usiifanye kipimo.

Wanunuzi nao, yaani watengenezaji wa diski, ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Mmoja akipunguza oda, robo mwaka nzima inaharibika. Tazama pia viwanda viko wapi. Mafuriko ya Thailand ya 2011 yalisimamisha mota za Nidec.

Kisha soma mapato kwa kila kitengo. TDK inaishi zaidi kwa betri, NHK Spring kwa springi na viti vya magari. Ukiona diski ni sehemu ndogo, basi hisa hiyo itapanda na kushuka kwa mambo mengine kabisa. Mwaka wao wa hesabu huishia Machi 31, na soko la Tokyo huuza kwa mafungu ya hisa 100, kwa yeni.