Usimnunulie Mtoto Vitabu Vyote Saba kwa Mpigo

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka tisa nilimletea seti nzima ya Narnia, hadithi za nchi ya kichawi yenye jina hilo, vitabu saba ndani ya boksi moja. Akashukuru, akaliweka pembeni. Miezi sita baadaye boksi lile lilikuwa likizuia mlango usibamizwe na upepo.

Wingi ule ulimtisha, lakini kilichomkwamisha hasa ni mpangilio. Boksi lilipangwa kwa kufuata mtiririko wa matukio, kwa hiyo kitabu cha kwanza kilikuwa The Magician's Nephew, ambacho C.S. Lewis alikitoa mwaka 1955, cha sita kuchapishwa. Kinasimulia chimbuko la nchi ambayo mtoto bado hana sababu ya kuipenda. Anza na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha mwaka 1950. Msichana Lucy anaingia kabatini na kutokea Narnia hajui lolote, na msomaji naye hajui lolote, basi wanashangaa pamoja.

Jioni moja nilimsomea kwa sauti mpaka pale Lucy anapokanyaga theluji na kuona taa inawaka katikati ya msitu. Nikafunga kitabu, nikasingizia usingizi. Asubuhi kile kikaratasi cha alama kilikuwa kimesogea kurasa nyingi mbele. Tangu hapo sinunui cha pili mpaka cha kwanza kidaiwe mwendelezo.

Binti yangu ni habari nyingine. Herufi humchezea machoni, na kitabu kinene kwake ni adhabu. Tulianza na How to Train Your Dragon vya Cressida Cowell, vitabu 12 vilivyojaa michoro na mwandiko wa ovyo ovyo. (Kama ameshaona filamu, mwandae: kwenye kitabu Toothless ni kijidragoni kidogo, mkaidi. Wangu alinilalamikia siku mbili.) Kisha tukahamia kwa Percy Jackson. Rick Riordan aliianza hadithi ile kwa kumsimulia mwanawe mwenye disleksia (ugumu wa kusoma maandishi) na shida ya kutulia, na Percy mwenyewe amepewa hali hizohizo. Binti yangu alipofika hapo aliinua kichwa: "Kumbe na yeye!" Vitabu vitano vya mwanzo, vya 2005 hadi 2009, alivimaliza polepole lakini vyote. Miungu ya Wagiriki wa kale inayojaa humo si lazima mtoto awe anaijua, Percy anamfafanulia huku akitania.

Harry Potter mnaijua. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba vile vitabu hukua pamoja na Harry, na cha nne kinageuka ghafla: kinene, kizito, na kifo kinaingia pasipo kubisha hodi. Mtoto wa miaka minane anaweza kusimama cha tatu akapumzika hata mwaka mzima. Vitamngoja.

Kwa anayependa uchawi wenye asili ya Afrika, mpe Akata Witch cha Nnedi Okorafor. Sunny ana miaka 12, ni albino, anaishi Nigeria, na anapenda mpira ingawa jua la mchana halimruhusu kuucheza. Kitabu hichohicho kimetoka pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Nalisema hili kwa uchungu, maana nilinunua vyote viwili nikidhani kimoja ni mwendelezo. Mwendelezo ni Akata Warrior.

Akikataa kitabu baada ya sura tatu, mwache. Mimi huuliza tu alichoka wapi, kwa sababu jibu ndilo linaloniambia cha kununua kinachofuata: "hawapigani" na "wanapigana mno" ni watoto wawili tofauti.

Kijana wangu sasa ana miaka 14. A Wizard of Earthsea cha Ursula Le Guin, ninachokipenda kuliko vyote hivi, nimemsomea mwanzo wake mara mbili, na mara mbili amenirudishia. Anasema kiko kimya mno. Likizo ijayo nitakiacha mezani, nijifanye nimekisahau.