Mshahara, Saa na Likizo: Andika Kabla Hamjagombana

Nunua kaunta buku kabla hujaripoti kazini siku ya kwanza. Liwe lako, si la ofisi, na lilale nyumbani kwako. Kila siku andika mistari miwili tu, kwa kalamu ya wino, siku ileile:

«Jumanne, 4 Machi. Kuingia saa 1:50 asubuhi, kutoka saa 2:15 usiku. Chakula dakika 20, nikaitwa kaunta. Msimamizi wa zamu: mama wa stoo.»

Hiyo ndiyo silaha kubwa kuliko zote atakayokuwa nayo mfanyakazi wa kawaida, na wengi hawana. Wanafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, wakiwa na uchungu wa kweli na haki ya kweli, lakini wakiulizwa «ni siku zipi?» wanajibu «karibu kila siku.» Madai ya ovataimu hufia hapo. «Karibu kila siku» haina hesabu, na isiyo na hesabu hailipiki.

Tunayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba aulize huko.

Tuanze na saa. Kawaida ya juu ni saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni ovataimu, nayo hufanywa kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu, kila saa ni mara mbili. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa yake ina nyongeza ya asilimia 5. Ukishafanya kazi saa 5 mfululizo, unastahili mapumziko ya saa nzima. Saa hiyo si lazima ilipwe, isipokuwa pale unapotakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kuitwa. Mlinzi anayekula ugali wake getini huku akifungulia magari hajapumzika, na saa hiyo ni ya kazi.

Wasimamizi wanaoongoza wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na kanuni hizi za saa. Lakini kupewa cheo cha «supavaiza» kwenye beji hakukuondolei ovataimu ikiwa huna unayemwongoza.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu huibiwa mchana kweupe. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwa anayefanya saa 45, ni sawa na kugawanya kwa 195. Chukua mhudumu wa hoteli mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Saa yake moja ni shilingi 2,000. Ovataimu ni 3,000 kwa saa. Jumapili ya ofu aliyoitwa ni 4,000 kwa saa. Usiku, kila saa inaongezeka 100. Akiwa kazini saa 10 kwa siku, siku 6, na saa moja ya chakula akiipata kweli, amefanya saa 54 kwa wiki. Zimezidi 9. Mara 3,000 ni 27,000 kwa wiki, na kwa wiki 4 ni 108,000. Fedha hiyo wengi huiacha mezani kwa sababu hawajawahi kukaa na kalamu.

Angalia neno «msingi» hapo juu. Mkataba ukisema mshahara ni 200,000 na «posho» ni 190,000, mkononi unapata ileile 390,000, lakini ovataimu itapigwa kwenye 200,000, na saa yako itakuwa kama shilingi 1,026. Ndiyo maana mkataba husomwa kabla ya kusaini, mstari kwa mstari, na unatoka na nakala. Ukiambiwa nakala «utapewa baadaye», piga picha kila ukurasa palepale. Kama hupewi mkataba kabisa, usikate tamaa. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa na malipo. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake.

Wengine huambiwa «wewe ni kibarua tu, huna haki.» Kibarua pia ni mfanyakazi. Aliyemfanyia mtu mmoja kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka huyo mtu athibitishe vinginevyo. Meseji za WhatsApp za kupangiwa zamu na miamala ya simu ya malipo ya wiki ni ushahidi mzuri sana kwa watu wa namna hii. Usizifute. Ukibadilisha simu, zihamishe, na zile muhimu zipige picha ya skrini ikionyesha namba na tarehe.

Kuhusu makato. Kuna yale ya kisheria: kodi ya mapato inayokwenda TRA, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF (sehemu yako isizidi asilimia 10 ya mshahara), na mkopo wa elimu ya juu kwa wanaodaiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye slipu umekatwa wewe, uliza kwa maandishi. Na kukatwa NSSF kwenye slipu si sawa na kupelekwa NSSF. Nenda ofisi yao na namba yako ya uanachama, omba taarifa ya michango, kila baada ya miezi 3. Wapo wanaogundua pengo la miaka siku wanayoacha kazi, wakati mwajiri keshafunga duka.

Kisha kuna shoti. Dukani, baa, kituo cha mafuta, kaunta ikipungua anakatwa aliyekuwa zamu, na mara nyingi wanakatwa wote. Sheria hairuhusu hivyo. Ili ukatwe kwa hasara, lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na wewe ukubali kwa maandishi. Hata hapo, makato yote yasizidi robo ya malipo yako ya fedha. Kwa anayelipwa 390,000 ni 97,500 kwa mwezi. Ukiletewa karatasi ya «nakubali deni» huku umesimamiwa, andika juu ya sahihi yako: «Nimepokea karatasi hii, sikubaliani na kiasi, naomba mchanganuo.» Sahihi ya kupokea na sahihi ya kukubali ni vitu viwili.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo, kwa kila mzunguko wa miezi 12. Aliye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida bado hajaanza kustahili likizo ya malipo. Mwajiri ndiye anayepanga lini uende, ila asipitishe miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Inaweza kufika 12 ukikubali wewe na kazi ikiwa inadai hivyo kweli. Wageni wengi kazini hunaswa hapa. Wanaacha likizo zirundikane wakidhani zitalipwa zote siku ya kuondoka, kumbe likizo ambayo hukuichukua ndani ya muda huo unaweza kunyimwa malipo yake. Kwa hiyo omba kwa barua kila mwaka, hata kama unajua utakataliwa, na hifadhi jibu. Asipojibu, andika ya pili ukitaja tarehe ya ya kwanza. Ukiondoka katikati ya mzunguko, hesabu ni siku 1 kwa kila siku 13 ulizofanya kazi.

Ugonjwa una siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, na cheti cha daktari kinahitajika. Uzazi ni siku 84 kwa malipo, 100 kwa mapacha. Baba anapata siku 3 ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Msiba wa mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu, bibi au mjukuu ni siku 4. Hizi hazitolewi kwenye zile 28. Ukiona zimekatwa huko, dai zirudishwe.

Mambo yakiharibika, usianze kwa kugoma peke yako nyumbani. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kukuachisha kazi, na kesi ya mshahara wako itageuka kesi ya utoro wako. Andika barua fupi. Haihitaji Kiswahili cha mahakama:

«Naomba kulipwa mshahara wa Februari, sh. 390,000, uliotakiwa kulipwa tarehe 28, pamoja na ovataimu ya saa 36, sh. 108,000, kwa mchanganuo ulioambatishwa. Naomba jibu ndani ya siku 7.»

Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Wakikataa kusaini, itume pia kwa baruapepe au WhatsApp ya bosi, na andika kwenye kaunta buku nani alikataa na saa ngapi. Usiweke matusi wala vitisho ndani ya barua, kwa sababu ndiyo itakayosomwa baadaye mbele yako.

Kwa aliye ndani ya miezi 6 ya mwanzo: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali bado haijakufikia kwa mwajiri huyo, ingawa mshahara wa kila siku uliyofanya ni wako. Tumia kipindi hicho kukusanya karatasi, na ukidai, dai kwa utulivu. Baada ya miezi 6, kufukuzwa kwa sababu tu ulidai haki iliyo kwenye sheria si sababu halali.

Kama bado upo kazini na tatizo ni la wengi, nendeni kwa afisa kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia, kukagua vitabu vya mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na ukaguzi huo hugusa wote bila jina lako kuwa mbele. Chama cha wafanyakazi nacho kinafaa, kama TUICO kwa viwanda na biashara au CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani. Ukiwa mwanachama, kiongozi wake anaweza kukuwakilisha Tume.

Tume ndiyo hatua inayofuata, na adui yako hapo ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwamo mshahara na likizo, ni siku 60 tangu ulipozuka. «Subiri mwezi ujao» ya bosi haisimamishi siku hizo. Ukichelewa unalazimika kujaza fomu ya pili, CMA F.2, kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita ulikuwa wapi, na kusubiri ahadi ni sababu dhaifu.

Fomu ya kufungulia ni CMA F.1. Ijaze taratibu. Andika jina halisi la mwajiri, si lile la bango la mlangoni. Lipo kwenye mkataba, kwenye leseni ya biashara na cheti cha namba ya mlipakodi (TIN) vinavyotundikwa ukutani, na hata kwenye risiti ya mashine ya kodi ya EFD. Ukishinda dhidi ya jina lisilokuwepo, utekelezaji utakwama. Andika madai yote na kiasi cha kila moja: mshahara, ovataimu, likizo, notisi. Usiloliandika kwenye F.1 ni vigumu kulidai mbele ya safari. Ukishajaza, mpe mwajiri nakala, asaini kupokea, na uthibitisho huo uende na fomu yako kwenye ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulikotokea.

Kwanza ni usuluhishi, wa siku 30. Msuluhishi hakuamulii nani ana haki, anawasaidia mkubaliane, na mnayoongea humo hayatumiki baadaye kama ushahidi. Usipofika, shauri lako linaweza kufutwa, kwa hiyo fika nusu saa mapema. Mkikubaliana kulipwa kwa awamu, yaandikwe kiasi, tarehe, namba ya akaunti, na sentensi hii: awamu moja ikipita bila kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Hati hiyo ikisainiwa ina nguvu ya kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Mkishindwana, mnakwenda kwenye uamuzi, na hapo ndipo kaunta buku, slipu, barua zenye muhuri na shahidi wa zamu moja nawe vinapotolewa.

Karatasi ya mwisho ya kuiangalia ni ile ya siku ya kuondoka. Huletwa pamoja na bahasha ya fedha, imeandikwa «nimelipwa haki zangu zote na sina madai.» Hesabu kwanza: siku ulizofanya kazi, likizo, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kama umetimiza mwaka na mwajiri ndiye aliyekuachisha, si kwa utovu wa nidhamu. Isipotimia, futa maneno hayo kwa mstari mmoja, andika kiasi ulichopokea na «madai mengine yanaendelea», saini, piga picha, kisha ndipo uchukue bahasha. Na cheti cha utumishi ni haki yako siku hiyohiyo, hata kama mmeachana kwa ugomvi.